Msumeno wa Upinde: Hesabu Bledi Kabla ya Fremu

Marufaa, kile kitegemezo cha kuwekea msahafu, ni ubao mmoja tu. Haina msumari wala bawaba ya chuma, na gundi haihitajiki. Fundi huupasua ubao kwa unene wake kutoka ncha zote mbili, akaacha katikati vidole vya mbao vilivyoshikana, kisha ubao ukafunguka kama ulizaliwa hivyo. Kupasua ni kazi ya msumeno mpana. Lakini vichwa vyake vya tao, miguu yake ya mawimbi na nakshi ya matundu inayopitisha mwanga ni kazi nyingine kabisa. Ukiulazimisha msumeno mpana uzunguke, utakwama, au utakupa kona pale ulipotaka mviringo.

Kazi hiyo inataka msumeno wa upinde: fremu ya chuma yenye umbo la U, mpini upande mmoja, na bledi ya upana wa milimita 3 au pungufu iliyokazwa baina ya ncha mbili za U. Kwa kuwa ni nyembamba, bledi inageuka ndani ya mkato wake yenyewe. Kwa kuwa inafunguka, unaweza kuitoa, ukaipitisha kwenye tundu la keke, ukaifunga tena na kukata katikati ya ubao bila kugusa ukingo. Mafundi wa mwambao wamezifanya kazi hizi kwa patasi na tupa tangu zamani, na wenye mkono huo bado wanazifanya. Mtu wa nyumbani mwenye jioni moja na kipande kimoja cha mbao hana mkono wa mchongaji wa Siyu.

Nyumba za Wabajuni, ziwe Kisimayu au visiwani Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, au zile zilizohamia Lamu, Malindi na Mombasa baada ya vita vya Somalia vya 1991, hazikosi kazi ya namna hii. Kibao cha mbuzi kinavunjika mguu. Mtoto anataka ubao wa chuo wenye kishikio cha duara. Rafu ya sebuleni inataka ukingo wa maua. Mwenye chombo anataka jicho jipya la omo, lile duara la mbao lenye mwezi na nyota, kwa sababu la zamani limeliwa na jua. Zote ni kazi za mbao nyembamba na mistari iliyopinda, na zote zinaweza kufanywa barazani bila umeme. Linalobaki ni kujua utoe fedha wapi na uzizuie wapi.

Dukani mnunuzi huuliza fremu ipi ni nzuri. Kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: bledi ya kwanza ikivunjika, ya pili utaipata wapi? Na itavunjika. Fremu haikati mbao, inashika tu. Nimeona fremu nzuri zikining'inia ukutani zimeota kutu kwa sababu bledi zake hazipatikani mjini, na fremu za ovyo zikiendelea kufanya kazi kwa sababu bledi zake ziko kwenye kila duka.

Hapa ndipo watu wanapodanganyika, maana kuna misumeno miwili inayofanana kwa macho. Mmoja, huu ninaousema, unatumia bledi yenye pini ndogo ya kukatiza katika kila ncha. Urefu wake ni wa kawaida duniani kote: inchi 6 na nusu hivi, yaani milimita 165. Pakiti za Ulaya huandika milimita, za Marekani huandika inchi, lakini bledi ni ileile, na iliyotoka China inaingia kwenye fremu ya Uingereza bila ugomvi. Msumeno wa pili una fremu ndefu zaidi, kina chake kinaweza kufika sentimita 30 na kuzidi, na bledi yake ni fupi, inchi 5, nyembamba kama uzi na haina pini. Hushikwa kwa skrubu za kubana. Huo wa pili unakata nakshi ambayo wa kwanza hauwezi hata kuiota. Lakini bledi zake ni laini, zinavunjika kwa kupumuliwa, na ukikaa kisiwani ukaishiwa, umeishiwa.

Kwa mtu wa Kisimayu au visiwani, na hata kwa mtu wa Mombasa anayeanza, uamuzi wangu hauna mashaka: chukua wa pini. Kabla ya kulipa, mwambie mwenye duka akutolee pakiti ya bledi za akiba na uone pini kwa macho yako. Akisema bledi zitakuja wiki ijayo, fremu nayo utainunua wiki ijayo.

Wenye ndugu Uingereza au Ghuba wana njia nyingine, na wengi wanaitumia vibaya. Anapokuja mtu likizo humwagiza fremu, kitu kizito chenye pembe kinachokula nafasi ya sanduku. Muagize bledi. Dazeni tatu hazifikii uzito wa simu, zinakaa ndani ya bahasha, na zitakutosha muda mrefu. Aziweke tu kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege, si mkobani, wasije wakamchelewesha pale ukaguzini.

Bledi gani sasa? Pakiti huandikwa idadi ya meno kwa kila inchi moja. Meno 10 ni ya kukata haraka mbao nene na kuacha ukingo wenye manyoya. Meno 15 ni ya kazi nyingi za nyumbani. Meno 18 hadi 20 ni ya ukingo safi, na kuanzia 24 hadi 32 ni ya plastiki, shaba na plaiwudi nyembamba sana. Kanuni inayosaidia ni kwamba meno matatu angalau yawe ndani ya unene wa mbao kwa wakati mmoja, la sivyo jino moja linanasa na kung'oa vipande. Bledi ya meno 15 ina jino kila milimita 1.7, kwa hiyo plaiwudi ya milimita 6 inaishika vizuri. Plaiwudi ya milimita 3 inataka ya 32, au uipige msumari wa muda juu ya kipande kingine cha mbao ili unene uongezeke. Kama fedha inatosha aina moja tu, ni ya 15. Ukiongeza ya pili, iwe ya 20. Zile za mviringo zenye meno pande zote, zinazosifiwa kwamba zinakata kila upande bila kugeuza fremu, ziache. Zinakata kweli, lakini zinatanga na kuacha ukuta wa mkato umechakaa, na muda uliookoa kwenye kukata unaulipa kwenye msasa.

Tuje kwenye hesabu. Kisimayu, kama kwingi Somalia, vitu hutajwa kwa dola, na malipo madogo hupita kwenye simu kwa EVC Plus, jambo linalorahisisha kununua bledi mbili badala ya pakiti. Mombasa na Lamu ni shilingi na M-Pesa. Bei zinabadilika kwa duka na kwa msimu wa mizigo, kwa hiyo nitatumia mfano, na wewe weka bei za duka lako mahali pake. Tuseme fremu nyepesi ni dola 3, fremu imara ni dola 12, na bledi ni nusu dola. Tuseme pia fremu nyepesi, kwa kuwa haikazi vya kutosha, inavunja bledi tatu kwa marufaa moja, na imara inakula moja.

Anayetaka marufaa moja tu maishani mwake atatumia dola 4 na nusu kwa fremu nyepesi, na 12 na nusu kwa imara. Anunue nyepesi, asione haya. Anayetengeneza marufaa kumi kwa mwaka, awe anawagawia jamaa Ramadhani au anamuuzia mwenye duka la vitabu, hesabu yake ni nyingine: fremu nyepesi itamgharimu 3 na bledi thelathini, jumla dola 18. Imara itamgharimu 12 na bledi kumi, jumla 17. Mwaka wa pili nyepesi inataka 15 zaidi, imara 5 tu. Na hapo sijahesabu ubao ulioharibika kwa sababu bledi legevu ilipinda ndani ya mbao na kutoka upande wa chini nje ya mstari. Mbao ndiyo ghali kuliko vyote hivi. Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya serikali na ya jamii Februari 2018, na marufuku hiyo haikutangazwa kuondolewa hadi Julai 2023. Aliyenunua mbambakofi au mvule katika miaka hiyo anajua kwamba kuharibu ubao mmoja ni hasara kubwa kuliko kuvunja bledi za pakiti nzima.

Juu ya hizo kuna misumeno ya watu wenye mapenzi. Kampuni ya Knew Concepts ya California inatengeneza fremu za alumini nyepesi na ngumu ajabu, zinazokaza bledi kwa wenzo, na bei yake inapita dola 100. Ni chombo kizuri, sina neno baya. Lakini tofauti ya dola 90 kati yake na ile ya dola 12, kwa bei ya mfano wetu, ni bledi 180, nazo ni nyingi kuliko mtu wa nyumbani atakazomaliza. Baina ya hizo mbili ziko zile za kawaida zilizojulikana miaka mingi: Bahco, Stanley, Eclipse yenye asili ya Sheffield. Kwao Ulaya na Marekani huuzwa kati ya dola 10 na 20 hivi, na hiyo ndiyo ngazi ninayoiona inatosha. Kwenye maduka yetu jina peke yake halithibitishi kitu, kwani nembo hubandikwa kwa urahisi. Kipime chombo chenyewe.

Kupima ni kazi ya dakika tano na muuzaji mwungwana hatakukataza. Shika ncha mbili za U na uzibane zikaribiane kwa nguvu ya mkono. Zikikubali kwa ulaini, fremu ni laini na haitakaza. Tia bledi, kaza mpini, kisha iguse kwa ukucha kama unavyogusa uzi wa udi: itoe sauti ya juu. Ikitoa sauti nzito, au isitoe kabisa, rudisha. Sasa tazama kwa jicho moja kutoka mpini hadi ncha: vijiti viwili vinavyoshika bledi vielekee upande mmoja. Kimoja kikielekea mashariki na kingine kusini, bledi imesokotwa na itakata kama ilivyosokotwa. Vizungushe vyote viwili na uone vinatulia pale unapoviweka, maana kwenye fremu nyingi za bei rahisi kijiti cha mpinini hugeuka pamoja na mpini kila unapokaza. Dawa ni kukishika kwa kidole wakati wa kukaza, lakini kama hakina hata sehemu ya kushika, utateseka nacho daima. Mwisho angalia mpini wenyewe. Wa mbao usio na ufa ni bora kuliko wa plastiki laini unaozunguka juu ya skrubu yake.

Kina cha fremu nacho kina maana ya fedha. Fremu nyingi zina sentimita 12 hadi 16 kutoka bledi hadi mgongo wa U. Ubao wa marufaa wenye upana wa sentimita 20 una katikati yake sentimita 10 kutoka ukingoni, kwa hiyo unafikika kwa kuingia kutoka upande na kugeuza bledi fremu ikae nje. Kidirisha cha mlango cha upana wa sentimita 40 hakifikiki. Usinunue fremu ukitumaini kukifanyia nakshi ya matundu katikati. Kwa kazi hiyo tumia ule msumeno mwembamba wenye ncha, usio na fremu, unaoingizwa kwenye tundu. Mkato wake si safi, lakini unafika popote.

Kuna njia nyingine, na kwa watu wanaoishi na kamba mikononi ndiyo inayonipendeza zaidi: tengeneza fremu mwenyewe. Msumeno wa upinde wa zamani duniani haukuwa wa chuma. Ulikuwa vipande vitatu vya mbao na kamba. Miguu miwili ya urefu wa sentimita 25 hivi, ya mbao ngumu. Mkoko mkavu unafaa. Katikati yake boriti ndogo ya urefu wa kiasi cha bledi, iliyoingizwa kwenye matundu ya miguu bila gundi ili iweze kucheza. Chini, vigingi viwili vya duara vilivyopita kwenye miguu, vimepasuliwa ncha kwa msumeno wa chuma. Bledi inaingia kwenye mpasuko na pini zake zinajifunga nyuma ya msumari mdogo uliokatishwa. Juu, kamba inazungushwa miguu miwili mara tatu au nne, kisha kijiti kinapenyezwa katikati na kusokotwa. Kamba ikifupika, miguu inavutwa juu na kufunguka chini, na bledi inakazwa. Kijiti kinaegemea boriti na hakirudi.

Gharama ni kamba, misumari, bledi na siku ya kazi. Ukiwa na mabaki ya mbao, hutoi zaidi ya dola moja. Mkazo wake unaushinda wa fremu nyingi za chuma za bei rahisi, na haulegei kwa kutu. Uzi wa nyavu wa nailoni una ila yake, unanyumbuka, kwa hiyo bledi hulegea katikati ya kazi na lazima usokote tena. Kamba isiyonyumbuka ni bora. Na kwa kuwa wewe ndiye unayekata miguu, unaweza kuchagua kina unachotaka, ingawa kila unaporefusha miguu fremu inakuwa nzito ya kugeuza. Msumeno huu hauwezi kuingia kwenye tundu dogo kwa wepesi kama wa chuma, maana kufungua na kufunga kamba kunachosha. Kwa nakshi yenye matundu ishirini, tafuta wa chuma. Kwa miguu ya kibao cha mbuzi, kishikio cha ubao wa chuo na jicho la chombo, ambako unaingia kutoka ukingoni, huu wa kamba unatosha na unazidi.

Wapo watakaosema mambo ya kamba yamepitwa, nunua jiksoo ya umeme. Ikiwa kuna umeme wa kutegemewa na kazi ni nyingi, wana haki. Jiksoo inakata mbao ya sentimita 4 bila kutoa jasho, na bledi zake nyembamba za mapindo, mfano zile ambazo Bosch imezipa namba T101AO, zinazunguka tao la wastani vizuri. Lakini bei ya mashine ni mwanzo tu. Umeme wa Somalia una sifa ya ughali, na visiwani ni jua na betri. Jiksoo ya waya ya wati 500 au 600 haitaendeshwa na paneli moja ndogo ya kuchajia simu na taa. Ya betri inawezekana: betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 inabeba wati-saa 72, na paneli ya wati 50 ingeijaza kwa saa moja na nusu hivi ya jua kali ikiwa kila kitu kingekwenda bila upotevu. Hakiendi hivyo. Chaja nyingi zinataka umeme wa nyumba, kwa hiyo ongeza inveta, na ongeza hasara yake. Kisha ongeza kwamba betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine. Tena, kwenye vidole vya marufaa na kona za nyota, jiksoo haifiki. Bado utaurudia msumeno wa mkono.

Njia nyingine haigharimu chombo chochote: chora mstari, peleka ubao kwa fundi, lipa ujira. Kwa kazi moja au mbili kwa mwaka, na hasa kwa mbao nene, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Wala usiudharau ukataji wa fundi ukadhani umeonewa. Unalipia macho yake, na yeye ndiye anayebeba hasara ubao ukipasuka, mradi mmekubaliana hivyo kabla. Kuazima msumeno kwa jirani kunaonekana rahisi zaidi, lakini ukiazima upinde, nunua bledi yako. Usirudishe fremu yenye bledi iliyokatika. Ndivyo ujirani unavyoanza kununa.

Ukishakuwa nao, jinsi unavyoutumia ndiyo itakayoamua utakula bledi ngapi. Tia bledi meno yakielekea mpini, ili ikate unapovuta. Bledi ikivutwa inanyooka, ikisukumwa inajikunja, na kujikunja ndiko kunakoivunja. Wako mafundi wanaoigeuza wakate kwa kusukuma, ubao ukiwa umebanwa wima kwenye jiliwa. Fremu ikiwa ngumu inawezekana. Kwa anayeanza na fremu ya dola 3, avute.

Huhitaji meza ya fundi. Tafuta kipande cha ubao wa sentimita 2, ukate pengo la umbo la V upande mmoja, ukipigilie kwenye ukingo wa kigoda au baraza ili pengo litokeze nje. Laza kazi juu yake, mstari ukiwa ndani ya pengo, shikilia kwa mkono mmoja na ukate kwa mwingine, msumeno ukisimama wima na mpini ukiwa chini. Kwa njia hiyo vumbi linashuka, mstari unaonekana, na mbao zinashikiliwa karibu kabisa na pale zinapokatwa, kwa hiyo hazitetemeki. Anayefanya kazi akiwa ameketi chini, kama wachongaji wengi wa mwambao, anaweza kukanyaga mwisho wa ubao wa pengo kwa mguu na kupata kibano kizuri kuliko cha chuma.

Kata nje kidogo ya mstari, upande wa kipande kitakachotupwa, kisha umalizie kwa tupa na msasa. Kwenye kona kali usisimame ukageuza: endelea kuvuta na kusukuma papo hapo bila kwenda mbele, huku ukigeuza ubao polepole, mpaka bledi itengeneze nafasi yake. Pale tao linapobana sana, kata kwanza mikato mifupi iliyonyooka kutoka ukingoni hadi karibu na mstari. Vipande vitaanguka kimoja kimoja na bledi itapata pumzi. Ukigusa bledi na kipande cha mshumaa kila baada ya muda, joto linapungua. Hizo ni senti kidogo zinazookoa bledi nzima.

Mbao nazo zina mapendeleo. Msonobari wa paleti unakatika kwa ulaini, ila kagua misumari kwanza. Plaiwudi inakubali, lakini gundi yake inapukusa meno haraka, kwa hiyo usiitumie bledi yako mpya ya 20 hapo. Mwarobaini unakatika vizuri, na vumbi lake linawasha pua, jifunge leso. Mbao za chombo kikuukuu ni nzuri kwa macho na ni mtihani kwa msumeno: chumvi, mchanga na misumari iliyokatika ndani. Mbambakofi wa sentimita 3 usiulazimishe. Bledi inafanya tumbo katikati, na mkato unaoonekana umenyooka juu unakuwa umepinda chini. Kwa unene huo toa mzigo kwa msumeno mpana na patasi, upinde ubaki wa kumalizia mapindo tu.

Adui mkubwa wa vyombo hivi pwani ni hewa yenyewe. Bledi iliyoachwa barazani usiku mmoja wa kaskazi inaamka na madoa. Bledi za akiba ziweke ndani ya chupa ya plastiki yenye mfuniko, umezipaka mafuta ya cherehani, yanayopatikana kwenye kila duka la rejareja. Mafuta ya nazi yanazuia kutu kwa muda, lakini yanaganda na kunata. Sifa, yale mafuta ya papa, iachie jahazi, nyumba haitakushukuru. Ukimaliza kazi legeza mpini nusu mzunguko, fremu isikae imevutwa, na ufute vumbi la mbao kwenye vishikizo kabla hujautundika, kwa sababu vumbi linavuta unyevu na vishikizo vinakwama.

Kama unayo fremu nyepesi tayari, usiitupe. Toa bledi, panua miguu ya U kwa mikono mpaka iachane sentimita moja zaidi ya ilivyokuwa, kisha rudisha bledi. Fremu sasa itakuwa inataka kufunguka na bledi ndiyo inayoizuia, na mkazo utaongezeka. Usizidishe, chuma chembamba kikipinda mara nyingi kinachoka. Funga mpini unaoteleza kwa uzi wa mshipi uliopakwa gundi, na uchonge kidogo kwa tupa mpasuko wa vijiti kama pini hazikai vizuri.

Kuna pia vyombo vya mitumba vinavyofika Mombasa pamoja na mizigo mingine, na wakati mwingine ndani ya sanduku la fundi aliyefariki ambalo warithi wanaliuza kwa pamoja. Fremu za zamani za Uingereza huwa nzito na ngumu, nazo zinafaa zaidi ya nyingi mpya. Kutu ya juu si tatizo, inatoka kwa msasa na mafuta. Fremu iliyopinda upande inanyooshwa. Nyuzi za skrubu zilizokwisha ndani ya mpini ni tatizo, kwani hapo ndipo mkazo wote unapotoka, na fremu iliyopoteza kijiti kimoja cha kushikia bledi iache hapo ulipoikuta hata kama bei ni ya bure, kwa sababu kupata kijiti peke yake ni shida kuliko kupata fremu nzima.